Nywele zangu ni nyembamba na hazijai: je, nirudi kwenye dawa?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, ninaishi Dar es Salaam na kazi yangu ni kuhudumia wateja kaunta, kwa hiyo ninatakiwa kuonekana nadhifu kila siku. Niliacha kuweka dawa ya kunyoosha nywele miaka michache iliyopita, na sasa nywele zangu zote ni za asili. Zikinyooshwa zinagusa mabega. Ni za kipilipili, lakini unywele mmoja mmoja ni mwembamba na laini kiasi kwamba nikiushika kati ya vidole viwili siuhisi. Nilitarajia kwamba nikiachana na dawa nitapata afro iliyojaa kama ya wenzangu. Badala yake nywele zinalala kichwani, na nikisuka twisti kisha nikazifumua, hubaki nyuzinyuzi huku ngozi ya kichwa ikionekana kwenye kila njia.

Sijakaa bure. Nikimaliza kuosha, hupaka kondishena ya kuacha kichwani, kisha krimu ya kulainisha, kisha siagi ya shea, kisha mafuta ya nyonyo kwenye ngozi kwa kuwa nimeambiwa yanajaza, na mwisho jeli ili twisti zisifumuke. Huosha takriban mara moja kwa mwezi, maana nimesikia kwamba kuosha mara kwa mara hukausha nywele za asili. Nimejaribu pia yai na mayonezi, na maji ya mchele, na sasa rafiki yangu ananishawishi ninunue vidonge vya vitamini iitwayo biotini. Msusi wangu amekwisha choka nami. Anasema nywele kama zangu hazifai kuachwa asili, kwamba nirudi kwenye dawa au nishonee wivingi niyasahau haya.

Mama yangu na bibi yangu walikuwa na nywele za namna hii hii, nami ninazo tangu utoto. Sioni nywele nyingi kwenye kitana kuliko zamani. Mwishoni mwa mwezi ujao tuna sendofu ya mdogo wangu, na ningependa kwenda na nywele zangu mwenyewe. Ninunue nini, niache nini, na nizitengeneze vipi?

Msomaji, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia mambo mawili ambayo watu wengi huyasahau, nayo yamenirahisishia kazi: kwamba nywele zako zimekuwa hivyo tangu utotoni kama za mama na bibi yako, na kwamba hazinyonyoki kuliko zamani. Kwa maelezo hayo, huna ugonjwa wa nywele, bali una nywele nyembamba ulizorithi. Wembamba wa unywele na uchache wa nywele ni mambo mawili tofauti. Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele zipatazo 100,000, na unene wa unywele mmoja huwa kati ya milimita 0.05 na 0.1 hivi, kwa hiyo watu wawili wenye idadi sawa ya nywele wanaweza kuonekana mmoja ana msitu na mwingine ana uwazi. Unywele wenye nusu ya upana wa mwingine una robo tu ya uzito wake, na uwezo wake wa kusimama bila kupinda si nusu wala robo, bali ni kama sehemu moja ya 16. Ndiyo maana kiasi cha siagi ambacho rafiki yako mwenye unywele mnene hakihisi kabisa kinatosha kuzilaza zako.

Usidanganywe pia na neno kipilipili. Kujisokota kwa unywele ni umbo lake, nao unene wake ni habari nyingine. Zipo nywele zilizojisokota sana ambazo ni nyembamba kupindukia. Unywele wa kipilipili ni bapa kidogo, nao hujipinda tangu unapotoka kwenye ngozi, hivyo mafuta ya asili ya kichwa hayateremki kwa urahisi hadi kwenye ncha, na ncha hukauka. Kutokana na ukweli huo ndipo ulipozaliwa ushauri wa kupaka krimu, siagi na mafuta kwa kufuatanisha. Ni ushauri mzuri kwa mwenye nywele nene na kavu. Kwako umekuwa mzigo, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya tatizo lako imo katika vile vitu vitano unavyopaka kwa mpangilio, na katika ule mwezi mzima unaopita kabla ya kuviosha.

Siagi ya shea inalainisha vizuri, na ile ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, lakini zote mbili hukaa juu ya unywele na kuugandisha na jirani yake. Twisti zako zinabaki nyuzinyuzi kwa sababu hiyo: nywele kumi zilizogandishwa na siagi na jeli hugeuka kuwa uzi mmoja, na kati ya uzi na uzi lazima ngozi ionekane. Mafuta ya nyonyo ni mazito kuliko karibu mafuta yote ya kupikia na ya kupaka unayoyajua. Unywele uliopakwa nyonyo hung'aa na kuonekana mnene kwa saa chache, na hapo ndipo sifa ya kujaza ilipoanzia, lakini hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba yanaotesha nywele mpya, na kwa nywele nyembamba yanavuta vumbi na kuzilaza. Yaache. Mafuta ya nazi ni tofauti kidogo, kwa kuwa huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Kwa hiyo mahali pake pazuri ni kabla ya shampuu, usiku mmoja au hata nusu saa, kiasi kidogo kwenye ncha, kisha yaoshwe yote.

Anza basi kwa kuosha, na uoshe kila wiki au angalau kila siku kumi. Mara ya kwanza tumia shampuu yenye nguvu ya kutakasa, yaani ile yenye salfeti ambayo wapenzi wa nywele za asili wameiogopa kupita kiasi, uirudie mara mbili mpaka povu lijae lenyewe. Mara zinazofuata tumia shampuu ya kawaida isiyo nzito, na ile kali uirudie labda mara moja kwa mwezi. Kama nyumbani kwako mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Dar, yanaacha tando juu ya unywele na shampuu haitoi povu. Suuza ya mwisho ifanye kwa maji ya bomba au ya mvua, hata kama ni jagi mbili tu. Wapo wanaosuuzia ndimu, nami siipendi, kwa sababu ni kali mno kwa ngozi na kwa unywele laini. Kondishena ipake kuanzia katikati ya unywele hadi ncha, chanua ikiwa bado ndani, kisha suuza kabisa. Mizizi haihitaji kulainishwa, na kuilainisha ndiko kunakoifanya ilale.

Sasa dukani. Usinunue kwa kusoma maneno makubwa yaliyoandikwa mbele ya chupa, bali igeuze usome orodha ya viambato, ambayo kwa kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi huanza na kilicho kingi na kwenda kwenye kilicho kidogo. Kama maji ndiyo ya kwanza na mafuta au siagi zimo chini kabisa, hiyo ni nyepesi. Kama petrolatamu (mafuta ya mgando), mafuta ya madini, siagi ya shea au nyonyo imo katika nafasi nne au tano za mwanzo, irudishe kwenye rafu, hata kama muuzaji anakuapia. Unachotaka wewe ni kondishena ya kuacha kichwani iliyo majimaji, ya kupuliza, yenye protini iliyovunjwavunjwa ya ngano, hariri au keratini, ambayo ndiyo protini iliyojenga unywele wenyewe. Vipande hivyo vidogo hushikamana na unywele na kuupa ugumu kidogo, jambo ambalo wenye nywele nene hulilalamikia na wewe utalifurahia. Usizidishe, kwa kuwa protini nyingi kila wiki huzifanya nywele ziwe ngumu na kukatika; wiki moja itumie, wiki nyingine upumzike.

Kitu cha pili ni povu la kuseti nywele, lile linalotoka kwenye chupa ya kubonyeza, ambalo saluni nyingi hulitumia kwenye rola na mawimbi. Kwa nywele za aina yako, hili ni bora kuliko jeli na krimu zote. Linafunika unywele kwa utando mwembamba unaokauka na kushika umbo, wala halina uzito wa mafuta. Kama bajeti yako inaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, nunua hilo, na pesa ya siagi iwe akiba. Kuwa mwangalifu na gliserini ikiwa imo juu sana kwenye orodha. Hiyo huvuta maji kutoka hewani, na katika miezi ya masika, au siku yoyote ile ambayo joto la Dar linachanganyika na unyevu, mtindo uliouseti asubuhi utakuwa umejikunja kabla ya chakula cha mchana.

Nikufafanulie sababu, kwa sababu ukiielewa hii utaweza kujitengenezea mitindo mwenyewe bila kuniuliza. Maji yakiingia ndani ya unywele, hulegeza vifungo vidogo vinavyoupa umbo. Maji yakitoka, vifungo hivyo hujifunga upya katika umbo lolote ambalo unywele umeshikiliwa wakati huo. Kwa hiyo ujazo hutengenezwa katika muda ule nywele zinapohama kutoka kwenye umajimaji hadi kukauka kabisa, na anayefumua twisti zikiwa na unyevu hata kidogo amekwisha kuupoteza. Ukizikausha zikiwa zimelala, zitalala; ukizikausha zikiwa zimenyanyuliwa kwenye mizizi, zitabaki zimenyanyuka mpaka unyevu uziguse tena.

Njia ninayokupendekezea kuliko zote ni ya bibi zetu: kusuka kwa uzi. Osha, pulizia kondishena nyepesi, acha nywele zikauke kwa kiasi cha robo tatu, kisha zigawe mafungu kumi au kumi na mawili. Paka povu kidogo kwenye kila fungu, ulizungushie uzi mweusi kuanzia kwenye shina hadi ncha, ukibana kiasi cha kuzinyoosha tu bila kuvuta ngozi. Lala nazo. Asubuhi zitakuwa zimenyooka bila moto wowote, na nywele za kipilipili zilizonyooshwa kwa uzi husimama kwa namna ambayo draya na pasi haziwezi kuiga, kwa kuwa msokoto mdogo unabaki ndani yake na kila unywele unamsukuma mwenzake. Ukishazifungua, ingiza meno ya chanuo kwenye mizizi peke yake, nyanyua kidogo, toa, hamia pembeni. Usilipitishe hadi kwenye ncha.

Ukitaka mawimbi badala ya kunyooka, suka twisti juu ya nywele hizo zilizonyooshwa tayari, ukipaka povu kidogo kwenye kila fungu, wala usisuke zikiwa zimelowa chapachapa, maana zikilowa hujikunja na kufupika, na twisti hutoka nyembamba kama mkia wa panya. Njia za kugawia zisiwe mistari iliyonyooka. Zipinde-pinde, na mafungu ya safu moja yakae katikati ya mafungu ya safu iliyotangulia, ili zikifumuliwa ngozi isipate pa kuchungulia. Anzia twisti kwa kulegeza kidogo kwenye shina, na ncha uizungushie rola ndogo ya sponji. Kaa chini ya draya ya kofia kwa moto wa wastani, au uache usiku kucha, na ukiwa na shaka kama zimekauka, fungua moja iliyo kisogoni, ambako huchelewa. Wakati wa kufumua, tia vidoleni tone moja tu la mafuta mepesi, kisha kila twisti iliyofumuliwa igawe mara mbili au tatu, si zaidi, na utumie chanuo kwenye mizizi kama nilivyoeleza.

Nywele zitavurugika kidogo. Ziache. Wasichana wengi wananiandikia wakitaka kila msokoto uonekane umechorwa, ilhali kwa mwenye nywele nyembamba msokoto uliochorwa vizuri na ujazo haviwezi kukaa kichwa kimoja. Ule ukungu mdogo wa nywele zilizoachana ndio unaoziba mapengo, na mimi ningeuchagua kila mara.

Kuhusu moto, draya yenye kitana inaweza kukusaidia mara moja moja, mradi uelekeze hewa kwenye mizizi na kuzinyanyua nywele kinyume cha upande zinakolalia. Pasi ya nywele ni jambo jingine. Nyingi hufika nyuzi joto 230, na unywele mwembamba huungua haraka kuliko mnene. Kama ni lazima uitumie, isizidi nyuzi 180, na ujue kwamba msokoto uliouawa na moto haurudi mpaka unywele huo ukatwe na mwingine uote, kwa kasi ya takriban sentimita moja kwa mwezi. Kwa kuwa nimegusia kukata, kapunguze ncha. Ncha zilizochoka huonekana kama moshi na kulifanya fungu lote lionekane haba. Mwombe fundi akukatie umbo la duara, fupi kidogo utosini na ndefu pembeni, na utashangaa jinsi sentimita tatu zilizodondoka sakafuni zinavyoongeza kichwa.

Kwa sendofu ya mdogo wako, osha siku mbili kabla, funga uzi usiku ule, siku inayofuata suka twisti zako juu ya nywele zilizonyooka, na uzifumue baada ya kuoga na kuvaa, si kabla, kwa sababu mvuke wa bafuni utakuharibia kazi yote. Zibane upande mmoja juu ya sikio kwa kichana cha mapambo na upande wa pili uuache umejaa. Lakini fanya zoezi zima mara moja kabla ya siku yenyewe, ili ujue zinachukua muda gani kukauka.

Hayo ya jikoni nitayapitia kwa haraka. Protini ya yai ni kubwa mno kuweza kuingia kwenye unywele, na mayonezi ni mafuta tu yenye harufu ya saladi. Maji ya mchele huacha wanga unaozikaza nywele kwa siku chache, hivyo mara moja kwa mwezi hayana neno. Hina ningeitaja kwa heshima zaidi, kwa sababu rangi yake hujishika na keratini na kuupa unywele unene kidogo unaohisika mkononi. Ila inabadilisha rangi, inaweza kulegeza msokoto ikirudiwa, na ni lazima iwe hina safi ya majani matupu. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, usiisogeze kichwani hata kidogo, kwa kuwa kemikali iliyomo imewaunguza watu wengi ngozi.

Vidonge vya biotini havitakusaidia ikiwa huna upungufu wake, na upungufu huo ni nadra kwa mtu anayekula kawaida. Tena vina hatari ambayo wauzaji hawaisemi: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba biotini nyingi mwilini inaweza kupotosha majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, kikiwemo kile cha kugundua mshtuko wa moyo. Mwambie rafiki yako pia.

Msusi wako nisimlaumu sana, kwani amefundishwa kutengeneza nywele nene na zako zinamtatiza. Lakini kuhusu dawa amekosea kwa hesabu. Dawa huvunja vifungo vya ndani kabisa vya unywele, vile ambavyo maji hayavigusi, na kuufanya unyooke moja kwa moja. Msokoto ndio unaozitenganisha nywele zako na kuzinyanyua kutoka kwenye ngozi. Ukiuondoa, nywele zile zile 100,000 zitalala bapa, zikiwa dhaifu kuliko sasa. Wivingi na rasta hazikatazwi, ila chagua nywele za bandia nyepesi, zisikae zaidi ya wiki sita au nane, na ukitoka saluni kichwa kinauma au vipele vidogo vinatokea kwenye ukingo wa paji la uso, zifumue siku hiyo hiyo hata kama umelipia ghali. Mvutano wa namna hiyo ukirudiwa kwa miaka huua mizizi pembeni mwa paji, na mizizi iliyokufa haifufuliwi na povu wala mafuta.

Yote haya nimeyaandika nikikubali ulichosema, kwamba nywele zako hazipungui. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Siku ukiona njia ya katikati inapanuka, au utosi unawasha, unaungua au unauma ukiguswa, au nywele zinatoka kwa mafungu baada ya uzazi, homa kali au dawa mpya, hapo si kazi ya duka la vipodozi tena, bali ya daktari wa ngozi. Mwombe daktari wa kituo kilicho karibu nawe akuandikie rufaa ya kliniki ya ngozi, Muhimbili wanayo. Aina ya upara inayoanzia utosini kwa wanawake wenye asili ya Afrika huacha kovu, na huzuilika vizuri zaidi ikiwahiwa. Nenda ukiwa umefumua kila kitu na hujapaka chochote siku hiyo, kwa sababu daktari hawezi kuiona ngozi iliyo chini ya rasta.

Shangazi